Pampu Iliyosingiziwa Kufa

Kwanza niseme wazi: mimi si mwepesi wa kusamehe. Anayenijua analijua hilo, na asiyenijua atalijua nikimaliza kusimulia. Kwa hiyo mtu asinijie na nasaha za undugu. Undugu ninao, nimezaliwa nao, kaka mmoja juu yangu na mdogo mmoja wa kiume chini yangu, na hao ndio nitakaowasema hapa bila kumung'unya maneno.

Gari la Baba ni la zamani. Rangi yake ilikuwa ya maziwa, jua likaigeuza ya chai. Mama, enzi akili yake ikiwa timamu, aliliita "mke mwenzangu". Akimwona Baba asubuhi na ndoo na kitambaa anauliza, "Mke mwenzangu ameshaogeshwa? Basi na mimi nikumbukwe." Baba anacheka mpaka anamwaga maji. Alikuwa dereva wa malori maisha yake yote, na alichokijua kuhusu injini alikijua kwa kuharibikiwa njiani, mahali ambapo hata ukipiga kelele hakuna wa kukusikia.

Halafu akili ya Mama ikaanza kumtoka. Aliacha jiko linawaka akaenda kulala. Akatoka na nguo ya kulalia, mvua inanyesha, anawatafuta watoto wake warudi shule, na sisi tuna mvi. Tunakaa ghorofa ya tatu, ngazi zenyewe za kuvunja shingo, na siku Mama alipoanguka hapo Kaka akasema basi, Mama anahamia kwake. Kwake ni nyumba ya chini, ina uzio na geti, na mkewe, wifi yangu, anashinda nyumbani. Chumba kilichokuwepo ni kimoja na kitanda kimoja. Baba akabaki na mimi, mwanamke niliyerudi nyumbani baada ya ndoa kunishinda, nashona nguo za watu kwenye duka la jirani.

Huko kwa Kaka, Mama akatusahau mmoja mmoja. Alianza na mdogo wangu, ambaye sote tunamwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho. Nikafuata mimi, akawa ananiita nesi. Kaka mwenyewe akawa "yule mwenye nyumba", na Mama alimwamkia kwa heshima zote asije akapandishiwa kodi. Aliyebaki kichwani mwake ni Baba peke yake. Na chakula hakukipokea kwa mkono wa mtu mwingine. Wifi alimbembeleza, akamwimbia, akamkaripia, Mama ameuma meno. Akisikia gari la Baba getini anakaa vizuri, anapangusa mdomo na kusema, "Baba watoto huyo." Baba anaingia, anachukua sahani na kijiko, anamlisha huku anamsimulia habari za barabarani, na sahani inakwisha.

Kwa hiyo kila siku mchana Baba alivuka mji mzima na gari lake. Mguu wake mmoja ulishachoka, basi halipandiki. Asipofika, Mama hali. Jambo lenyewe lilikuwa hilo tu, halihitaji kikao.

Lakini Kaka ni mtu wa vikao. Ofisini kwao ana kiti cha kuzunguka, na tangu apewe kiti hicho kila neno lake ni mpango. Jicho la kushoto la Baba lina ukungu, sikatai. Siku moja aliparuza nguzo ya geti la Kaka. Kaka akatuita, akasimama mbele ya ile nguzo kama shahidi mahakamani.

"Mzee aache kuendesha," akasema. "Ataua mtoto wa watu."

"Geti lako ni jembamba," akajibu Baba.

"Geti halikusogea, Baba."

"Nikiacha kuendesha, nani atamlisha mama yenu?"

"Tutapanga."

Baba akamwangalia, akaingia ndani ya gari lake, akaondoka. Kesho yake mchana alikuwa pale pale, sahani mkononi.

Haikuchukua muda, gari likagoma. Niliteremka asubuhi nikamkuta Baba amekaa nyuma ya usukani, anapiga stata. Injini inazunguka, inazunguka, haishiki. Sasa gari hili, ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, husikika mlio chini ya kiti cha nyuma: ziii, halafu kimya. Hiyo ndiyo pampu ya mafuta. Inakaa ndani ya tangi na kazi yake ni kusukuma petroli kwenda mbele kwenye injini. Ya kwetu ilikuwa imezeeka, mlio wake umekuwa wa kuguna, na kila ikiguna Baba alisema, "Huyu ananiaga." Asubuhi ile akafungua swichi, nami nikainama dirishani kusikiliza. Kimya. Akafunga, akafungua tena. Kimya.

"Amekufa," Baba akasema.

Huyu ndiye mtu aliyetufundisha tangu utotoni kwamba kabla hujakilaumu kifaa, uliza kwanza kama umeme unakifikia. Siku hiyo hakuuliza. Kifo cha pampu ile tulishakingojea siku nyingi, kwa hiyo kilipokuja hatukutaka ushahidi.

Akampigia Kaka simu. Kaka alikuwa mpole ajabu. "Pole sana Baba. Sasa wewe pumzika, usihangaike, nitakuwa napita kukuchukua." Nilisikia sauti ile nikasema moyoni, afadhali, huyu mtu kumbe ana moyo. Kumbe alikuwa anatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Hakupita. Siku ya kwanza alikuwa na mkutano. Siku iliyofuata alikuwa na mkutano wa kuzungumzia ule mkutano. Baadaye nyumba yake ikaingiwa mafua, watoto wote wamelala, daktari amesema mtu wa umri wa Baba asikanyage pale. Nikasema nitaita teksi. Baba akakataa. "Nikayachukue mafua au nikampelekee mengine? Ngoja yapite." Kila jioni akapiga simu kuuliza swali lile lile.

"Mama yenu anakula?"

"Anakula vizuri sana, Baba."

"Kwa mkono wa nani?"

Hapo simu ilikuwa inakatika, au mtandao unasumbua, au Kaka anaitwa. Baba anabaki ameishika simu, anaitazama. Na yeye akawa hali. Nikimwekea chakula anakisogeza sogeza kwenye sahani, anasema ameshiba, na mimi namfokea kwa sababu nikiogopa huwa nafoka. Ndivyo nilivyoumbwa.

Pampu ya gari la zamani nayo si kitu cha kuokota dukani. Nilizunguka maduka ya vipuri mpaka wauzaji wakanizoea. Mmoja aliniuliza kama natengeneza gari au nafungua makumbusho. Mwishowe mzee mmoja anayeuza vipuri vya magari yaliyosahauliwa akaipata, mpya kabisa, ndani ya boksi lililofubaa. Nikaja nayo nyumbani. Baba akaishika, akaipapasa kwa vidole kama anayempima mtoto homa, akasema, "Kesho huendi kushona."

Tulianza asubuhi, uani nyuma ya jengo. Utotoni tulifundishwa pale pale, mimi na Kitinda, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, na Kaka amekaa kwenye ngazi na shati lake safi, anatupitishia spana kwa vidole viwili. Macho ya Baba hayakuweza kuona ndani ya tangi, kwa hiyo yeye alikaa kwenye kigoda kando ya mlango wa nyuma, na mikono ikawa yangu.

"Umetoa waya wa betri?"

"Nimetoa."

"Umetoa au unasema umetoa?"

"Baba, njoo uguse mwenyewe."

Akaja, akagusa, akarudi kukaa. Tukang'oa kiti cha nyuma. Chini yake kulikuwa na peremende, kalamu, na kichana cha Mama, vyote vimevikwa vumbi. Nikakunja zulia, nikafungua skrubu za kifuniko, na hapo ndipo unapouona mdomo wa tangi, na juu yake pete kubwa ya chuma inayoishikilia pampu. Nikachomoa plagi ya umeme, nikatoa mipira ya mafuta, nikachukua nyundo na bisibisi niigonge ile pete.

"Wee! Chuma kwa chuma juu ya petroli? Unataka tufike ahera pamoja, leo hii, kabla ya chakula cha mchana?"

Akanipa kipande cha mti. Nikagonga, nikagonga, kidogo hapa, kidogo pale, huku nimejikunja ndani ya gari, mgongo unaniuma, jasho linaniingia machoni, na Baba ananihimiza, "Polepole, huyo ni ajuza." Pete ikalegea. Nikaitoa pampu nzima na mkono wake wenye boya la kupimia mafuta, petroli inachuruzika, harufu imenipanda mpaka kwenye ubongo. Chujio lake chini lilikuwa jeusi. Tukaiweka pampu mpya, chujio jipya na mpira mpya wa kuziba. Nikapangusa kila mahali kwanza, maana Baba alisema chembe moja ya mchanga ikiingia humo tutaanza upya. Nikafunga pete. Nikarudisha plagi. Nikafunga betri.

Baba akajiinua, akaingia mbele mwenyewe. Hakutaka mtu mwingine afungue swichi. Niliinamisha sikio kwenye tangi.

Kimya.

"Fungua tena," nikasema.

"Nimefungua."

Kimya kile kile. Niliona mabega ya Baba yanashuka, na hasira ikanipanda yote kwa mkupuo. "Ametuuzia bovu! Yule mzee na maboksi yake! Sasa hivi naenda kumpindulia kaunta, Wallahi, atanitambua mimi ni nani!"

"Kaa kitako," akasema Baba. "Lete waya mrefu."

Tukaupeleka umeme kutoka kwenye betri moja kwa moja mpaka kwenye plagi ya pampu. Ziii! Safi, nyororo, kama haijawahi kuona shida. Nikashangilia peke yangu. Baba hakushangilia. Aliniambia nifunge kila kitu vizuri, nitoe betri, niipeleke kule ukutani mbali na gari, na niichukue na ile pampu ya zamani. Nikafanya hivyo. Akachuchumaa kwa shida, mguu mmoja ameunyoosha, akaushika waya, akaugusisha.

Pampu ya zamani ikaguna. Mguno wake ule ule, wa siku zote.

"Mzima huyu," Baba akasema taratibu. "Nimemsingizia."

Tukarudi kwenye gari kuufuata waya. Mkono wangu ukatembea chini ya zulia, kutoka kwenye tangi kuelekea mbele, mpaka karibu na mlango wa dereva, pale kwenye kipande cha plastiki kinachofunika kizingiti. Nikakibandua. Waya ulikuwa umekatwa. Umekatwa kwa koleo, mkato mmoja safi, na kila ncha imezungushiwa tepu nyeusi peke yake. Na mwisho wa tepu umekunjwa ukawa kijilimi kidogo.

Nikakitambua. Kile kijilimi ni cha Baba. Alitufundisha kwamba ukifunga tepu usiibane mpaka mwisho, kunja ncha yake uache pa kushika, ili fundi atakayekuja baada yako asihangaike kuikwangua kwa kucha. Sijawahi kumwona fundi mwingine akifanya hivyo. Duniani kote tunaokunja tepu namna ile ni watatu: Baba, Kitinda na mimi.

Baba akapapasa ncha ya kwanza, akapapasa ya pili. Kidole chake kikakaa juu ya kijilimi. Halafu akageuza uso, akanitazama kwa lile jicho lake zima.

"Ni wewe?"

Jamani. Nina petroli mpaka kwenye nywele. Nimekunjika humo ndani tangu asubuhi, mgongo umekatika, vidole vyangu vya kushonea vimechubuka, halafu naulizwa ni mimi!

"Baba! Nikate mimi halafu nijitese mimi? Unaniona nimekuwa mwehu?"

"Nauliza tu. Unakaa na mimi. Funguo unajua zinakaa wapi."

"Usiniulize hilo swali tena. Utaniulizaje swali kama hilo?" Nikaanza kulia kwa hasira, kilio kibaya cha makamasi, nikachukua simu na mikono yangu michafu vile vile, nikampigia Kitinda, nikaweka sauti kubwa.

"Kitinda. Nani amekata waya wa pampu?"

Akanyamaza. Mtu asiyejua angeuliza pampu gani.

"Dada, nisikilize kwanza..."

"Nakusikiliza. Na Baba anakusikiliza."

"Ah. Shikamoo Baba." Sauti ilikuwa imekwisha kabisa. "Ni Kaka aliyesema. Alisema Mzee atagonga mtu, atafungwa, uzee wake utaishia jela. Akasema tukimwambia hatakubali. Nilikata ile Jumapili niliyokuja kuliosha."

Jumapili ile naikumbuka. Baba alishinda akimsifu, kitinda mimba wangu huyu, amekuja kumuosha ajuza wangu bila kuombwa. Alimpa na machungwa ya kuondokea.

"Lakini nilizifunga vizuri, Dada," Kitinda akaendelea, maskini, akidhani anajitetea. "Kila ncha peke yake, zisigusane, zisije zikaleta moto. Ningetaka ubaya si ningeziacha wazi?"

Nilikuwa nimeshavuta pumzi nimwage yote niliyokuwa nayo. Baba akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Umefunga vizuri, mwanangu," akasema, akakata.

Waya aliuunga mwenyewe kwa kupapasa, na tepu akaizungusha mwenyewe. Tulipofungua swichi pampu ikalia, na stata ilipopigwa injini ikashika mara moja. Nilitegemea ataweka gia aondoke kabla hata sijarudisha kiti. Badala yake akazima, akapanda ngazi zote zile na mguu wake, akaoga, akavaa shati lililopigwa pasi. Aliporudi akafungua mlango wa abiria, akakaa.

"Endesha wewe."

Tangu nizaliwe Baba hajawahi kumpa mtu usukani wa gari lile. Leseni ninayo miaka nenda miaka rudi, na nilichoendesha ni cherehani.

Njia nzima nilikuwa natukana. Nilianza na Kaka, nikashuka kwa Kitinda, nikarudi tena kwa Kaka na kiti chake cha kuzunguka. Baba alisema "punguza mwendo" na "taa nyekundu hiyo". Mwishowe akasema, "Kaka yako hakusema uongo kuhusu macho yangu."

"Angeniambia mimi basi! Ningekuwa nakupeleka. Ningeomba ruhusa ya mchana, ningeshona usiku."

"Ungeniambia nihamie kiti hiki ningekubali?"

Nikabadilisha gia. Asingekubali, na tunajua wote wawili.

Wifi alifungua geti mwenyewe. Alipomwona Baba alishika kifua.

"Baba! Mbona hamkupiga simu?"

"Mafua yameisha?" nikamuuliza.

"Mafua gani?"

Akajishtukia, lakini lilishatoka. Nikashuka, nikaufunga mlango wa gari kwa kishindo. Wifi akatembea nasi kinyumenyume mpaka ukumbini, na kwenye mlango wa chumba cha Mama akasimama, mikono amefungua kama golikipa.

"Baba, naomba usiingie kwanza. Ngoja nimpigie mume wangu aje."

"Ondoka mlangoni," nikamwambia.

"Wifi, nakuomba. Kuna neno ambalo lazima niliseme kwanza." Akaanza kulia. Mbele yangu hajawahi kulia hata siku moja, huyu ni mwanamke mkavu. "Gari liliposimama, Mama alihamia dirishani. Anaamka anakwenda dirishani. Kila gari likipita anasimama, baba watoto huyo, halafu anakaa. Hali. Kaka yako alijaribu, mimi nilijaribu, alikiuma kijiko mpaka akatoka damu. Akaanza kukauka mbele ya macho yangu. Anauliza, baba watoto yuko wapi, namwambia anakuja. Anauliza tena. Usiku na mchana. Mimi ndiye ninayeshinda naye, si nyinyi. Siku moja nikachoka, nikamwambia amefariki."

"Nani?" nikauliza. Nilishasikia, lakini nikauliza.

"Baba."

Baba alikuwa amesimama katikati yetu, ameshika ukuta.

"Alilia," Wifi akasema. "Alilia mpaka nikajuta kuzaliwa. Halafu akanyamaza, akaomba supu. Tangu hapo anakula. Anakula kwa mkono wangu, Baba, amenenepa, utamwona. Kaka yao akasema sasa tukimleta Mzee tutamuua Mama kwa mshtuko. Ndipo tukasema mafua."

Sijui mkono wangu uliinuka saa ngapi. Ninachojua ni kwamba Baba aliushika kabla haujafika.

"Kwa hiyo anakula?" akamuuliza Wifi.

"Anakula, Baba."

"Leo ameshakula?"

"Bado. Sahani iko mezani."

"Nipe."

Wifi akampa. Baba akaipokea kwa mikono miwili, akabisha hodi, akaingia. Nami nikasimama mlangoni.

Mama alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda, amelipa dirisha mgongo. Kweli alikuwa amenenepa. Nywele zake zilichanwa vizuri, na nguo yake ilikuwa safi. Wifi alimtunza, lazima niseme, hata kama maneno haya yananikwama. Akainua uso, akamtazama Baba muda mrefu. Mimi nangoja apige kelele, au ainuke, au aseme yale maneno yake.

"Karibu," akasema, kwa adabu anayopewa mgeni. "Keti hapo."

Baba akaketi kwenye ukingo wa kitanda, sahani magotini.

"Wewe ni ndugu yake," Mama akasema. "Hata hujaniambia, nimekujua. Mnafanana mpaka sauti."

"Ndugu yake nani?"

"Marehemu mume wangu. Hukupata habari?"

Niliona kinywa cha Baba kinafunguka. Sema, nikamhimiza moyoni, sema ni wewe, mshike mkono, mwambie walimdanganya! Nilikuwa nimeshapiga hatua moja kuingia niseme mwenyewe.

"Nilimkasirikia bure," Mama akaendelea. Akasogea mbele kidogo na kushusha sauti, kwa kuwa lilikuwa jambo la ndani la kumwambia shemeji. "Alikuwa anakuja kila siku, halafu akaacha. Nikasema amenichoka. Kichwa changu si kizima, mwanaume gani atakaa na mtu kama mimi? Nilimsema vibaya sana hapo dirishani. Kumbe mwenzangu alikuwa amekufa. Hakunichoka. Angekuwa hai angekuja."

Baba akafunga kinywa. Nami mguu wangu ukarudi nyuma wenyewe.

"Angekuja," Baba akasema. "Ni kweli, shemeji."

Akachota supu, akaipuliza. Mama akakitazama kijiko, akamtazama yeye, akafungua mdomo. Akala. Wifi alikuwa nyuma yangu analia kwa kwikwi na mimi sikugeuka. Baba akachota tena. Mikono yake ilikuwa bado na weusi wa gari kwenye kucha, kuoga kote kule hakukuutoa.

Walipofika katikati ya sahani, Mama akamgusa goti.

"Na wewe pole, shemeji," akasema. "Umefiwa na ndugu."

"Ahsante," Baba akamjibu. "Nimeshapoa." Akaipangusa midomo ya Mama kwa kitambaa, akachota kijiko kingine.